Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka miwili: kazi ya kwanza ya uhasibu nitaipataje?

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo. Nilimaliza shahada ya uhasibu mwaka jana na ufaulu wangu si mbaya. Mpaka sasa nimetuma maombi zaidi ya arobaini. Nimeitwa kwenye usaili mara mbili tu, na mara zote mbili nilipoulizwa kuhusu uzoefu nilikosa la kujibu. Matangazo karibu yote yanataka miaka miwili. Huo uzoefu nitaupata wapi kama hakuna wa kunipa kazi? Na wakiniuliza tena, niseme nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Tuanze na hiyo miaka miwili. Wengi huiona kama ukuta, kumbe ni kipimo cha kukadiria tu. Anayeandika tangazo hana namna ya kujua unaweza nini. Anachojua ni kwamba mtu aliyekaa miaka miwili kwenye ofisi ya hesabu ameshafunga hesabu za mwezi mara 24 na za mwaka mara mbili. Ameshakutana na ankara iliyoingizwa mara mbili, na mteja anayeapa kwamba alilipa, na salio linalogoma kulingana wakati wenzake wanafunga mabegi waende nyumbani. Ameshakosea na akasahihishwa, na hasara ya makosa yake ameibeba mwajiri mwingine.

Hilo la mwisho ndilo kiini. Fundi bomba akikosea, maji yanamwagika na kila mtu anaona. Mhasibu akikosea, karatasi zinabaki safi, jumla zinapendeza, na kosa linakaa kimya mpaka mkaguzi aje au mgavi apige simu kudai pesa zake. Kwa hiyo mwajiri anaogopa kumpa daftari mtu ambaye kazi yake italazimika kurudiwa na mwingine usiku. Ukimpa sababu ya kuondoa hofu hiyo, miaka miwili inapungua uzito. Haifutiki kila mahali, nisikudanganye. Tangazo linalotaka mtu wa kuandaa taarifa za fedha za kampuni nzima na kusimamia wengine, liache. Lakini linalotaka karani au mhasibu msaidizi, na sifa nyingine zote unazo, omba hata kama limeandikwa miaka miwili.

Hapo kwenye neno karani ndipo nadhani maombi yako arobaini yamepotelea. Nahisi umekuwa ukitafuta neno "mhasibu" peke yake. Kazi ya kwanza mara nyingi haina jina hilo. Huitwa karani wa wadai, karani wa wadaiwa, msaidizi wa mishahara, mtunza fedha, mshika masurufu (fedha ndogondogo za matumizi ya ofisi), karani wa stoo, mwingiza takwimu, msaidizi wa ukaguzi. Usizidharau. Karani wa wadai, kwa mfano, anashika oda ya manunuzi kwa mkono mmoja, hati ya kupokelea mzigo kwa mkono wa pili, na ankara ya mgavi iko mezani. Kazi yake ni kuhakikisha hizo tatu zinasema jambo lilelile kabla pesa haijatoka: tumeagiza mia, tumepokea tisini, mbona tunadaiwa za mia? Ukiifanya hiyo kwa miezi sita utaujua udhibiti wa ndani kuliko aliyeusoma kwenye sura nzima ya kitabu.

Kampuni za ukaguzi ni mlango mwingine, na huu una tabia yake. Kazi zao hurundikana baada ya mwaka wa hesabu wa wateja kuisha, kwa hiyo nyingi huchukua wahitimu wapya kwa mkupuo na kuwafundisha wenyewe. Wahitimu wengi hukimbilia zile nne kubwa, Deloitte, PwC, EY na KPMG, na foleni huko ni ndefu. Mimi ningekushauri uandikie pia ofisi ndogo za ukaguzi zenye watu watano au kumi. Huko hakuna idara. Wiki hii unahesabu mali stoo kwa mteja, wiki ijayo unasaidia kuandaa hesabu za mteja mwingine kuanzia kwenye risiti. Mshahara utakuwa mdogo na saa zitakuwa nyingi, lakini utagusa kila kitu.

Kama unafikiria mitihani ya taaluma, usisubiri uajiriwe ndipo uanze, wala usidhani mitihani itaziba nafasi ya kazi. ACCA, chama cha kimataifa cha wahasibu, kwa mfano, inataka miezi 36 ya kazi inayohusiana na taaluma kabla ya kukupa uanachama kamili, na miezi hiyo unaweza kuipata kabla ya mitihani, wakati wa mitihani au baada yake. Kazi ya ukarani uliyoidharau inaweza kuingia humo, mradi uwe na msimamizi anayestahili kuthibitisha ulichofanya.

Sasa swali lenyewe: uzoefu utaupata wapi wakati hujaajiriwa? Jibu langu ni kwamba huwezi kuutengeneza uzoefu, ila ushahidi wa kazi unaweza kuutengeneza.

Fanya hivi. Buni mfanyabiashara mmoja anayeuza vifaa vya ofisi. Mpe mtaji, mkopo wa benki, wateja wanne wanaonunua kwa mkopo na wagavi watatu. Mwandikie nyaraka za miezi mitatu: ankara alizotoa, alizopokea, risiti, malipo ya masurufu, taarifa ya benki ya kila mwezi. Kisha mpe rafiki yako aliyesoma uhasibu nyaraka hizo na umwombe apachike makosa matano bila kukuambia. Abadilishe tarakimu, aondoe risiti moja, arudie ankara, aweke manunuzi ya kompyuta kwenye matengenezo. Hapo ndipo zoezi linaanza kufanana na ofisi, maana vitabu vya shule vina ubaya mmoja: maswali yake hulingana siku zote. Nyaraka za ofisini hazilingani.

Ingiza kila kitu, ufunge mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. Bili ya umeme haijafika lakini umeme umetumika, kwa hiyo andika malimbikizo. Bima ya mwaka mzima imelipwa 1,200 mwezi wa kwanza, basi mwisho wa mwezi wa tatu gharama ni 300 na 900 bado ni malipo ya awali. Piga uchakavu, yaani thamani ya vifaa iliyopungua kwa kutumika. Mwisho uwe na leja, urari (orodha ya salio za akaunti zote, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili), taarifa ya mapato na matumizi, mizania (taarifa ya mali, madeni na mtaji), ulinganisho wa benki wa kila mwezi, na orodha ya wadaiwa ikionyesha nani amechelewa siku 30, nani 60, nani 90. Unaweza kuifanya kazi yote kwenye lahajedwali, ila ni vizuri uirudie kwenye programu ya uhasibu. GnuCash hailipiwi na inafuata sawasawa mfumo wa kuingiza mara mbili, yaani kila muamala kuandikwa pande mbili, debiti na krediti. Ukiielewa hiyo, kuhamia QuickBooks, Sage, Xero au Tally ni suala la kujua vitufe vimekaa wapi.

Halafu andika ukurasa mmoja wenye kichwa hiki: makosa niliyoyakuta, na jinsi nilivyoyasahihisha. Ukurasa huo una thamani kuliko mizania yenyewe. Mizania inayolingana hainiambii mengi. Mfumo huo wa kuingiza mara mbili, alioueleza Mwitaliano Luca Pacioli katika kitabu chake cha 1494, akiandika namna wafanyabiashara wa Venice walivyokuwa wakitunza hesabu, una udhaifu huo tangu wakati huo mpaka leo: ukiweka gharama kwenye akaunti isiyo yake, debiti na krediti zitalingana tu. Ankara ukiisahau kabisa, zitalingana pia. Kulingana kwa urari hakuthibitishi kwamba hesabu ni sahihi, na mwombaji anayelijua hilo nitamwona mapema.

Kuna njia ya pili, na ukiweza ifuate sambamba na ya kwanza: watunzie watu halisi vitabu vyao. Chama cha wahitimu, kikundi cha kuweka akiba, biashara ya ndugu yako ambaye risiti zake zimejaa kwenye droo. Mwambie utampangia hesabu za mwaka mmoja bila malipo, kwa sharti kwamba atakuandikia barua ya kueleza ulichofanya. Tahadhari moja hapa. Usije kwenye usaili na vitabu vyenye majina ya wateja wake. Niliwahi kumsaili kijana aliyenionyesha kwa fahari leja ya duka, majina na madeni ya watu yakiwa wazi. Kazi ilikuwa safi, lakini sikumchukua, kwa sababu nilijiuliza leja yangu ataionyesha kwa nani. Badilisha majina na viwango vyote, useme kwamba umebadilisha. Kule kusema tu ni alama.

Nikueleze na jaribio ninalolitoa mimi, kwa sababu linaonyesha tunachotafuta. Nampa mwombaji daftari la fedha lenye salio la 48,300 na taarifa ya benki yenye salio la 52,740, kurasa mbili mbili, dakika arobaini. Mengi ni rahisi. Kuna hundi ya 7,200 iliyotolewa lakini haijafika benki, na kuna pesa 2,400 zilizopelekwa siku ya mwisho ambazo benki haijaziingiza. Toa ya kwanza, jumlisha ya pili, salio la benki linakuwa 47,940. Daftari linasema 48,300. Imebaki tofauti ya 360.

Hapo watu hugawanyika. Mwenye kumbukumbu nzuri ya darasani anakumbuka kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 huashiria tarakimu zilizobadilishana nafasi. Anagawanya 360 kwa 9, anapata 40, anafurahi, anaanza kuwinda tarakimu zilizopinduka zenye tofauti ya 360. Hatazipata, kwa sababu hazipo. Kilichopo ni makato ya benki ya 540 ambayo hayamo kwenye daftari, na malipo ya 6,130 yaliyoandikwa 6,310, yaani 180 zaidi. Toa 540, rudisha 180, daftari linafika 47,940. Makosa mawili yamevaa nguo ya kosa moja. Ile kanuni ya 9 ni dalili nzuri, mimi mwenyewe naitumia, lakini dalili haimalizi uchunguzi. Dawa ni ya kuchosha: weka tiki mstari kwa mstari, kisha tazama ambavyo havina tiki.

Wengi hawamalizi ndani ya muda, na hilo halinisumbui. Ninachoangalia ni wanafanya nini na ile 360. Wapo wanaoandika "makato ya benki 360" ili salio lilingane na karatasi ipendeze. Hao safari yao inaishia pale. Mwingine anaandika: "Imebaki 360 sijaipata, nimeshaweka tiki mpaka ukurasa wa kwanza wa taarifa, ukurasa wa pili bado." Huyu nimewahi kumwajiri, hana hata siku moja ya uzoefu. Naweza kumfundisha kutafuta 360, ila kumfundisha mtu mzima asizifiche ni kazi nisiyoiweza. Fanya zoezi la kulinganisha benki mpaka likuchoshe, kwa sababu ndilo jaribio linalopendwa na wasaili, na ndiyo kazi utakayopewa wiki ya kwanza.

Kuhusu Excel nitasema machache. Acha kuandika "nina ujuzi wa hali ya juu wa Excel", kila mtu anaandika hivyo. Andika unachoweza: fomula za SUMIFS, VLOOKUP au XLOOKUP, jedwali la pivoti, kuondoa rekodi zilizojirudia. Na ujifunze kutambua namba iliyohifadhiwa kama maandishi, ile inayoonekana kama namba lakini haijumlishiki, maana faili nyingi zinazotolewa kwenye mifumo ya benki huja na ugonjwa huo. Rangi za kupamba hazina haja.

Wasifu wako sijauona, lakini nimesoma mingi ya wahitimu na ugonjwa wao ni mmoja. Nusu ukurasa wa mwanzo ni sifa: mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo. Hizo ni sifa ambazo hakuna anayejinyima, kwa hiyo hazimtofautishi mtu na mwenzake. Weka mahali pake sentensi zinazoweza kuulizwa swali. Kwa mfano: "Nilipanga na kuingiza miamala ya miezi 12 ya kikundi chenye wanachama 30, nikalinganisha na taarifa ya benki kila mwezi, nikakuta michango miwili iliyoandikwa mara mbili." Msaili akisoma hivyo atauliza uliikutaje, na hapo usaili umegeuka mazungumzo ya kazi. Namba ziwe zako kweli. Ukibuni, swali la tatu litakuumbua. Na tafadhali, tarehe na jumla kwenye wasifu zikubaliane. Mwombaji wa kazi ya hesabu ambaye miaka yake ya masomo haijumlishiki anajikata mwenyewe.

Maombi arobaini na usaili mara mbili yananiambia pia kwamba huenda umetuma barua ileile kote. Tuma kumi zilizoandikwa kwa kusoma tangazo. Wakitaja mishahara, zungumzia makato na tarehe za kuwasilisha. Wakitaja stoo, zungumzia kuhesabu mali na tofauti kati ya kilichopo na kilichoandikwa. Waambie ndugu na walimu wako kwamba unatafuta, na uwaambie unatafuta nini hasa, kwa sababu "nitafutie kazi yoyote" ni ombi ambalo mtu hajui alipeleke wapi. Ofisi ndogo mara nyingi hazitangazi kabisa. Zinaulizana.

Kwenye mafunzo kwa vitendo yasiyo na malipo, wenzangu wengine watakuambia pokea chochote. Mimi siko huko. Kabla ya kukubali, uliza mambo mawili: nitashika daftari gani, na nani atakagua kazi yangu? Wakikujibu kwamba utaingiza ankara na kulinganisha benki chini ya mhasibu fulani, nenda, ila mkubaliane muda, miezi mitatu inatosha. Wakibabaika, utaishia kutoa nakala na kupeleka bahasha, na miezi sita baadaye wasifu wako utakuwa palepale.

Kuna mitego miwili inayowanasa wahitimu wa fani yetu. Wa kwanza unajulikana: mwajiri anayetaka ada ya usajili au ya mafunzo kabla ya kukuajiri ni tapeli, mwache. Wa pili umevaa suti. Unaletewa kazi ya "afisa malipo" ya kufanyia nyumbani, hakuna usaili wa maana, na kazi yenyewe ni kupokea pesa kwenye akaunti yako binafsi, kukata asilimia yako, na kuzipeleka kwingine. Hiyo si kazi ya uhasibu. Ni kusafirisha pesa za wizi, na jina litakalokutwa kwenye taarifa ya benki ni lako. Fedha za kampuni hupita kwenye akaunti ya kampuni, basi.

Pengine umesikia pia kwamba kompyuta sasa zinasoma ankara zenyewe na ukarani unakufa. Kuna ukweli. Kuchapa namba kunapungua, na aliyejua kuchapa tu ana haki ya kuogopa. Lakini mashine inapokutana na ankara isiyofanana na oda huiweka kando imsubiri mtu. Zile zilizowekwa kando ndizo zitakuwa kazi yako, na ndiyo maana nimesisitiza zoezi la makosa matano.

Sasa lile swali lako la mwisho. Wakikuuliza kuhusu uzoefu, usiombe radhi, na usianze kueleza hali ya ajira ilivyo ngumu, wanaijua. Sema kwa kifupi: "Sijawahi kuajiriwa kwenye ofisi ya hesabu. Nilichofanya ni kutunza vitabu vya kikundi fulani kwa mwaka mmoja, na kufunga hesabu za miezi mitatu za biashara ya mazoezi iliyokuwa na makosa ya kupachikwa. Nimekuja nazo, niliyapata manne kati ya matano." Bila shaka atakuuliza la tano lilikuwa lipi na kwa nini lilikupita. Liandalie jibu hilo kuliko majibu mengine yote.